Siku manowari zilipokutana Karungu

Ukishuka kwenye matatu pale Sori, kitu cha kwanza kukupokea ni harufu ya omena. Wameanikwa juu ya nyavu kuukuu ufuoni, wanameremeta juani kama vipande vya fedha, nao akina mama wanawageuza kabla ya kuwajaza magunia. Mbele yako ni ghuba ya Karungu. Mashua zimepangwa ubavu kwa ubavu, kila moja na jina lake lililochorwa kwa rangi. Watoto wanaoga penye kina kifupi, na ng'ombe wanakunywa maji hatua chache kutoka hapo. Ukiinua macho upande wa kaskazini utaona vilima vya Gwassi. Ukitazama kusini, ufuo unajipinda kuelekea Muhuru, na baada ya hapo ni Tanzania.

Sasa mwulize kijana yeyote ufuoni akuonyeshe mahali ambapo manowari zilipigana. Huenda akacheka na kukuelekeza Mombasa. Manowari ni za bahari, atakuambia, na hapa ni ziwani.

Msomaji, kijana huyo hana kosa. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa kwenye mahandaki ya Ufaransa, na kwamba huku kwetu Wajerumani na Waingereza walikimbizana porini kuanzia Taveta hadi Msumbiji. Ni wachache walioambiwa kwamba katika Septemba 1914, mwezi wa pili wa vita hivyo, meli ya Mwingereza na meli ya Mjerumani zilikabiliana kwa mizinga hapa hapa Karungu. Ni wachache zaidi wanaojua kwamba kwa siku kadhaa ufuo huu wa Sori ulikuwa mikononi mwa Wajerumani.

Leo tutembee pamoja hadi mwaka huo. Tutazame meli hizo, maofisa waliozisimamia, na zaidi ya hao, watu ambao bila wao hakuna ofisa ambaye angesogea hata hatua moja kutoka gati la Kisumu.

Manowari za aina gani?

Kwanza tuelewane juu ya neno manowari. Lilitoholewa kutoka Kiingereza, na watu wa pwani walilitumia kwa kila meli ya vita ya Mzungu. Anayelisikia leo hufikiria jitu la chuma. Tena katika miaka hiyo majitu yalikuwapo kweli. Mwaka 1906 Uingereza ilishusha majini manowari iliyoitwa Dreadnought, yenye uzito wa tani 18,000 hivi na mizinga mikubwa 10, ambayo kila mmoja ulikuwa na mdomo wa upana wa sentimita 30. Mataifa makubwa yakaanza kushindana kujenga meli za namna hiyo.

Jitu kama hilo halingeweza kufika Ziwa Victoria hata kwa dua. Kilichokuwako ziwani ni meli za Reli ya Uganda, zilizojengwa kubeba abiria, pamba, ngozi na barua. Ya kwanza, William Mackinnon, ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza na kuelea ziwani mwaka 1900, kabla reli yenyewe haijafika. Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Baada ya hapo kazi ikawa rahisi kidogo. Meli iliundwa kiwandani Scotland, ikafunguliwa, ikapakiwa merikebuni hadi Mombasa, ikapanda gari la moshi hadi Kisumu, na huko mafundi wakaiunganisha tena, bamba kwa bamba na ribiti kwa ribiti.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Winifred, iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1902. Ilikuwa na tani zaidi ya 600. Ikafuatwa na dada yake Sybil, kisha Clement Hill, Nyanza, meli ndogo ya kuvuta matishari iliyoitwa Kavirondo, na nyinginezo. Kabla ya vita, Winifred ilikuwa meli ya kawaida tu. Familia ilipanda Kisumu na kuteremkia Entebbe au Mwanza, na mizigo ikarundikwa sitahani.

Mwanza wakati huo ilikuwa ya Wajerumani. Wao pia walikuwa na vyombo vyao, na kilicho maarufu kuliko vyote kiliitwa Muansa, kwa tahajia ya kwao. Kilikuwa kidogo kuliko Winifred. Lakini katika vita, msomaji, mwenye bunduki anayeijua hamwogopi mwenye kimo.

Tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, meli za abiria zikageuzwa manowari kwa amri tu. Zikawekwa mizinga midogo na bunduki za rashasha. Magunia ya pamba yakashuka, askari wa KAR wakapanda. Watu waliozoea kuita vituo na kukagua tikiti wakajikuta wanatafuta moshi wa adui kwa darubini.

Kwa nini Karungu?

Mtu anaweza kuuliza: katika ziwa lote hilo, ni nini kilichowaleta Wajerumani kwenye ghuba hii iliyojitenga?

Tazama ramani ya ukutani kwenye darasa la mwanao. Mpaka kati ya Kenya na Tanzania unakata ziwa kusini kidogo ya Muhuru. Shirati iko upande ule, na Karungu upande huu. Isitoshe, Karungu haikuwa kijiji cha kubahatisha. Kabla ya Kisii kufanywa makao ya serikali mwaka 1907, maofisa wa Kiingereza waliosimamia sehemu hizi walikaa hapa Karungu. Meli zilitia nanga hapa, na kutoka hapa njia ilipanda kuelekea nyanda za juu za Kisii. Aliyeishika Karungu alikuwa na mlango wa majini na ngazi ya kupandia bara.

Na nyuma ya mlango huo kulikuwa na tuzo kubwa zaidi, nayo ni Kisumu. Reli ya Uganda ilikomea pale. Kama Wajerumani wangeishika Kisumu, au hata kuitisha tu kutoka majini, Uganda nzima ingebaki bila njia ya kufika baharini.

Basi mapema mwezi wa Septemba 1914 wakavuka. Wakaikamata Karungu. Kikosi chao kikuu, chini ya Kapteni Bock von Wülfingen, kikaingia Kisii tarehe 11 Septemba bila kupigwa risasi, kwani maofisa wa serikali walikuwa wamekwisha kuondoka.

Waingereza nao wakajibu kwa njia waliyoijua, yaani ziwa. Askari wa KAR chini ya Kapteni Thorneycroft walipakiwa melini Kisumu, wakateremshwa Kendu, na kutoka Kendu wakapiga mguu hadi Kisii. Tarehe 12 Septemba wakawavamia Wajerumani. Vita vilikuwa vikali. Thorneycroft aliuawa, na Bock von Wülfingen akajeruhiwa. Usiku ulipoingia kila upande ulirudi nyuma, na kulipokucha Wajerumani walikuwa njiani kurudi kwao.

Hapo ndipo tuone maana ya meli. Kama askari hao wangetembea kutoka Kisumu hadi Kisii wakizunguka ghuba yote kwa miguu, wangewakuta Wajerumani wamekwisha kuchimba mahandaki na kupanga mizinga.

Winifred yarudi nyuma

Katika siku hizo hizo Winifred ikatumwa kuikomboa Karungu.

Ebu jiweke mahali pa ofisa aliyesimama kwenye daraja la meli ile. Jeshi la Majini lilipomtuma baadaye ofisa wake aitwaye Thornley kuja kusimamia vyombo vya ziwani, wengi wa watu aliowakuta melini walikuwa wafanyakazi wa reli. Walilijua ziwa. Walijua mwamba uko wapi, upepo wa alasiri unavuma kutoka wapi, na wingu la wadudu wa ziwani lenye rangi ya moshi lisikutie hofu kwamba ni meli. Ila mzinga ni somo jingine. Meli ya abiria haina ngozi nene ya chuma. Tanuri lake na boila lake viko nyuma ya bamba jembamba, na risasi moja ya mzinga ikipenya hapo, mvuke unaotoka humchemsha kila aliye karibu. Mtu wa kwanza kuungua hawi nahodha. Anakuwa mchochea moto, aliye chini kabisa na asiyeona hata adui yuko upande gani.

Winifred ilipokaribia ghuba, Muansa ilikuwa ikiingoja. Mizinga ikalia. Hapa hapa ambapo leo tunaanika omena, maji yaliruka juu kila risasi ilipoangukia. Winifred ikaona haiwezi kushindana, ikageuza, ikaondoka.

Usicheke, msomaji. Wapo watakaosema huo ni woga. Lakini fikiria hesabu aliyokuwa nayo nahodha kichwani. Meli hazikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa imekuja vipande vipande kutoka Scotland. Ikizama moja, haiji nyingine mwezi ujao. Akiipoteza Winifred kwa ajili ya heshima yake asubuhi moja, nani atakayewabeba askari kesho? Ofisa aliyejua kurudi nyuma aliifaa Kisumu kuliko ambaye angekufa kishujaa ghubani.

Winifred ikarudi tena, safari hii ikiandamana na Kavirondo. Mbele ya meli mbili Muansa haikungoja. Ikang'oa nanga na kukimbilia Mwanza. Karungu ikarudi mikononi mwa Waingereza, na kishindo cha mizinga kikaisha kwenye ghuba ya Sori.

Kilikuwa kisa kidogo, na vitabu vikubwa vya vita hukipa mistari michache tu. Lakini tangu siku hiyo Wajerumani hawakupata tena nafasi nzuri kama ile ya kuifikia Kisumu kwa njia ya ziwa.

Karibu miaka miwili ya kuviziana

Vita vya ziwani havikuishia hapo. Mwezi wa Novemba 1914 Sybil, dada yake Winifred, ilipanda mwamba karibu na Majita, katika ufuo wa Wajerumani. Ikakaa pale miezi mingi kama kiboko aliyekwama matopeni. Waingereza hawakuisahau. Mwezi wa Mei 1915 walikwenda, wakaikwamua na kuivuta hadi kwao.

Mwezi wa Januari 1915 askari wa KAR walibebwa kwa meli na kuiteka Shirati, ng'ambo ya mpaka. Tarehe 6 Machi mwaka huo Winifred ikalipiza kisasi cha Karungu. Iliikuta Muansa katika mlango mwembamba wa Rugezi, kati ya kisiwa cha Ukerewe na bara. Muansa ikakimbia hadi ikapanda nchi kavu, na mabaharia wake wakaingia msituni. Waingereza walidhani imekwisha, lakini Wajerumani waliinasua kimya kimya na kuipeleka Mwanza.

Mwezi wa Juni 1915 ukaja msafara mkubwa kuliko yote. Meli za Kisumu, zikiwamo Winifred, Nyanza, Usoga na Rusinga, zilivuka ziwa zikiwa zimejaa askari na kuishambulia Bukoba tarehe 22 na 23. Shabaha ilikuwa mnara wa simu ya upepo ambao Wajerumani waliutumia kupeleka habari. Mnara ukaangushwa, ngome ikalipuliwa, mji ukaporwa, na meli zikarudi. Miongoni mwa askari waliokuwa sitahani ni Frederick Selous, mwindaji maarufu wa tembo, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60.

Mwezi wa Juni 1916 Ukerewe, kisiwa cha wakulima wa mpunga uliowalisha askari wa Kijerumani, kikatekwa. Tarehe 14 Julai Waingereza wakaingia Mwanza. Wajerumani wakaelekea kusini, na kuanzia siku hiyo ziwa lote likawa la bendera moja.

Si hapa peke yake palipokuwa na mambo hayo. Katika Ziwa Nyasa, meli ya Kiingereza Gwendolen iliivamia meli ya Kijerumani tarehe 13 Agosti 1914, na inasimuliwa kwamba manahodha hao wawili walikuwa marafiki wa siku nyingi, na yule Mjerumani alikuwa bado hajapata habari za vita. Katika Ziwa Tanganyika, Waingereza walileta mashua mbili ndogo kwa barabara na kwa reli kutoka kusini mwa Afrika. Meli kubwa ya Wajerumani huko, Graf von Götzen, ilizamishwa na wenyewe Kigoma mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Wasafiri wengi wa Kigoma wamelala ndani yake bila kujua kwamba iliwahi kubeba mizinga.

Moto wa kuni

Sasa tushuke chini ya sitaha, mahali ambapo wachache hushuka.

Meli za ziwani ziliendeshwa kwa mvuke, na mvuke ulitokana na kuni. Hapakuwa na makaa ya mawe ya kutosha wala mafuta. Kwa hiyo kando ya ziwa palikuwa na vituo vya kuni, ambapo magogo yalikatwa, yakapasuliwa na kupangwa yakisubiri meli. Nani aliyekata? Nani aliyebeba kichwani hadi majini, akavuka vilindi kwa mtumbwi, na kuyarusha melini? Ni watu wa ufuo huu. Ni babu za hao wanaopanga mashua Sori leo.

Tena kazi hiyo haikuwa ya jasho tu. Ufuo wa miaka ile haukuwa kama unavyouona. Ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, ulikuwa umeufyeka ukingo wa Ziwa Victoria tangu mwanzo wa karne. Uganda peke yake ilipoteza watu zaidi ya 200,000. Upande huu wa Karungu nao uliguswa, na vijiji vingi vya karibu na maji vilihama. Vichaka vikamea palipokuwa na mashamba. Kwa hiyo mkata kuni aliyetumwa ufuoni alitumwa kwenye makao ya mbung'o. Mwenye meli alihesabu magogo. Sijui ni nani aliyehesabu wakataji.

Ndani ya meli mambo yalikuwa hivyo hivyo. Manahodha na mainjinia wakuu walikuwa Wazungu. Lakini mikono iliyotia kuni tanurini, iliyoshika kamba, iliyopima kina kwa mti, iliyosafisha sitaha baada ya majeruhi kuteremshwa, ilikuwa ya Waafrika na Wahindi. Majina ya maofisa yapo vitabuni. Ya hao wengine ni nadra kuyakuta.

Nyasi ziliumiaje?

Waliopanda hadi bara nao walilipa. Wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi.

Mwaka mmoja kabla ya vita, yaani 1913, mtu mmoja wa Alego, Onyango Dunde, alitangaza kwamba joka kubwa la ziwani liitwalo Mumbo lilimmeza, likamtema akiwa mzima, na kumpa ujumbe. Mojawapo ya mambo aliyotangaza ni kwamba Wazungu watatoweka na nchi irudi kwa wenyewe. Imani hiyo ilienea haraka Nyanza ya Kusini hadi kwa Wagusii. Kisha mwezi wa Septemba 1914 watu wakaona kwa macho yao maofisa wa Kisii wakifunga mizigo na kukimbia. Baada ya vita vile vya siku moja, mji ukawa hauna mwenyewe. Ilikuwa vigumu kumwambia mtu kwamba unabii haujatimia. Wengi wakaingia mjini na kwenye misheni, wakachukua walichokiona.

Serikali iliporudi, ilirudi na adhabu. Kikosi kilipelekwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa. Na Mumbo haikufa kwa hilo. Serikali iliendelea kuwaandama wafuasi wake kwa miaka mingi, na wengine wakahamishwa mbali hadi pwani.

Halafu ikaja zamu ya wachukuzi. Vita vilipoingia Tanganyika, Nyanza ikawa ghala la watu. Vijana waliandikishwa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kushikwa kwa nguvu, wakapakiwa kwenye meli zile zile na magari ya moshi yale yale, kwenda kubeba vyakula na risasi za watu wengine. Inakadiriwa kwamba wachukuzi wa upande wa Waingereza waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, walikaribia 100,000. Jina la kikosi chao ndilo lililobaki Nairobi kama Kariakor na Dar es Salaam kama Kariakoo. Kila unapokwenda Kariakor kununua vikapu au kula nyama choma, unakanyaga kumbukumbu yao.

Sanamu isiyo na baharia

Ukiwa Nairobi na watoto siku ya Jumapili, wapeleke Kenyatta Avenue kwenye sanamu ya askari iliyowekwa mwaka 1928. Ni watu watatu wa shaba. Wamewekwa hapo kuwakumbuka Waafrika waliopigana au kubeba mizigo katika vita hivyo. Mchukuzi yumo, na ni vizuri. Watazame vizuri lakini. Hakuna aliyeshika kamba ya meli. Hakuna aliyeshika koleo la tanuri wala gogo la kuni. Baharia wa ziwani hakupata nafasi pale juu.

Ukiwa Mombasa, pita Fort Jesus. Hapo utauona mzinga wa Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, siku chache tu baada ya mambo ya Karungu. Mwaka 1915 Königsberg nayo ilikwisha kwenye mlango wa mto Rufiji, na mizinga yake ikatolewa na kuburutwa nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo uko Jinja, Uganda. Watu hupigia picha karibu na vyuma hivyo.

Sori haina mzinga wala bamba la kumbukumbu. Wanasayansi wanaijua Karungu kwa mifupa ya wanyama wa kale waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita. Wavuvi wanaijua kwa omena na mbuta. Wasomaji wa magazeti wanausikia ufuo huu kila yanapozuka maneno juu ya kisiwa cha Migingo, na wanashangaa iweje mwamba mdogo wa ziwani uwakoroge wakubwa wa nchi mbili. Lakini aliyesoma habari za mwaka 1914 hashangai sana. Mpaka uliochorwa majini haumzuii samaki, na kila mwenye chombo chenye bunduki huona mpaka ni wake.

Kenya ilipata jeshi lake la majini mwaka 1964, makao yake Mtongwe, Mombasa. Kijana wa Sori anayeomba kazi huko, akavaa sare nyeupe na kurudi nyumbani likizoni, huonekana kama mtu aliyetoka kwenye dunia nyingine, mbali na nyavu za baba yake. Akumbuke kwamba yeye si wa kwanza. Kabla babu yake hajazaliwa, watu wa ufuo wake walikuwa wamekwisha kulisha tanuri la manowari na kusikia mizinga ikilia nje ya milango yao.

Ufanye nini, msomaji?

Walioona kwa macho yao mambo ya Septemba 1914 wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Hata mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi siku ile hayupo tena. Lakini wapo wazee waliokaa magotini pa watu hao wakasikia. Wapo wanaojua mzee gani wa ukoo alikwenda kariakor na hakurudi, aliondokea gati gani, na nani aliyeletewa habari. Wapo wanaojua kituo cha kuni kilikuwa wapi, na kwa nini mahali fulani panaitwa hivyo panavyoitwa.

Mwanafunzi, ukienda nyumbani kufunga mwaka, chukua daftari moja usiloandikia hesabu. Kaa na nyanya au babu jioni, usimkatize. Usianze na swali kubwa la vita. Anza na jina: babu yako aliitwaje, alifanya kazi gani, aliwahi kupanda meli? Andika jina kama anavyolitamka. Andika na tarehe uliyoambiwa. Ukipata majina mawili tu, umeongeza mabaharia wawili kwenye ile sanamu ambayo haina hata mmoja.

Na ukiwa Sori usiku usio na mbalamwezi, nenda hadi ufuoni. Wavuvi wa omena watakuwa wamewasha taa zao huko ndani, moja, mbili, mia, hata utadhani mji umejengwa juu ya maji. Mwaka 1914 taa ya namna hiyo ingemfanya ofisa wa Winifred aamuru mzinga ujazwe risasi. Leo inamaanisha kwamba kesho asubuhi kutakuwa na mboga.